Rangi Zetu Zilipoingia Kilio

Vijana wa Uvira wanaojifunza kuandika programu wana ugonjwa mmoja, na mimi huutambua tangu mlangoni. Kabla hawajaweza kuandika hata mistari kumi inayofanya kazi, wamekwisha kuipaka mashini, yaani kompyuta, rangi. Nyuma ni nyeusi tititi, maandishi ya kijani yanang'aa, zambarau hapa, waridi pale, utadhani ni wale watu wa sinema wanaofungua benki bila ufunguo. Nikiwauliza wanatengeneza nini, wananijibu kama shangazi yao, "Bado, tantina, niko napanga rangi kwanza." Nawacheka. Kisha najikumbuka na kunyamaza, maana mimi na mume wangu tulimaliza msimu mzima wa mvua tukigombania rangi za mashini moja, na tulikuwa watu wazima wenye wateja.

Kwa asiyeijua kazi hii nitaeleza kidogo. Programu ni maandishi tu. Lakini mahali tunapoyaandikia, pale tunapopafungua kila asubuhi kama fundi anavyofungua sanduku lake, panaweza kuyapaka maneno rangi kufuatana na kazi yake. Amri zina rangi yake, namba zina yake, sentensi ambazo mteja atazisoma zina yake, na maelezo ambayo mwandishi anajiandikia mwenyewe yana yake. Mashini haijali rangi hata kidogo. Rangi ni za jicho la mtu, ili likitupwa juu ya ukurasa lijue nini ni nini kabla ya kuanza kusoma. Na kila mtu ana ruhusa ya kuchagua zake, na hapo ndipo nyumba zinapoingia matatani.

Sisi tulikuwa na mashini moja, iliyokwisha kutumika, tuliyoinunua Bujumbura, na chumba kimoja cha kupanga Kimanga, ubavuni mwa saluni ya kusuka. Dirisha lilitazama ziwa. Asubuhi jua linatoka upande wa Burundi, linapiga maji, na maji yanautuma mwanga wote kwenye kioo cha mashini. Mume wangu alipenda nyuma nyeusi. Asubuhi, na weusi wake ule, kitu pekee nilichokiona kwenye kioo ni uso wangu na nywele zinazosubiri kusukwa. Mimi nilitaka nyeupe. Lakini alasiri jua likishajificha nyuma ya milima, na chumba kikaingia kivuli mapema kama ilivyo kawaida ya mji wetu, nyeupe yangu ilimchoma macho, akasema ni kama kukutana na taa za lori. Kila aliyekalia kiti alibadilisha rangi za mwenzake, na kila aliyerudi alisonya.

"Weye unapenda giza sawa popo," nilimwambia.

"Na weye uko unaandika ndani ya sahani ya ugali," akajibu.

Siku moja alichoka. Alisema tutengeneze rangi zetu wenyewe, toka mwanzo mpaka mwisho, na kila rangi itoke katika kitu ambacho sote wawili tunakijua, ili mtu asije kusema hii ni yako na hii ni yangu. Nikakubali, nikidhani ni kazi ya alasiri moja.

Tulianza na nyuma. Aliagiza kikombe cha chai ya maziwa, akakisogeza karibu na kioo, na kwa mkono mwingine akawa anabadilisha namba za rangi, moja baada ya moja, mpaka kioo na kikombe vikafanana. Haikuwa nyeusi, haikuwa nyeupe. Asubuhi niliweza kusoma, na alasiri yeye hakuumia. Chai ikapoa kabla hatujamaliza, akainywa hivyohivyo huku amekunja uso.

Baada ya hapo tukawa kama watu waliorogwa. Amri tulizipa bluu ya sare ya shule, na mshonaji wa jirani alituazima kipande cha kitambaa akitutazama kwa huruma. Namba zilipata kijani cha sombe, majani ya mihogo, iliyokwisha kupikwa. Sentensi za mteja zilipata mawese. Nilichukua sahani na tone la mawese, nikaliinua kwenye mwanga wa dirisha, mkono ukateleza, na mawese yakaingia kwenye klavye, katikati ya vitufe vya kuandikia. Tulipangusa kwa kitambaa, kwa pamba, kwa njiti ya kiberiti, lakini mpaka leo herufi A ya mashini hii inakwama kidogo kabla ya kurudi juu. Makosa, yale ambayo mashini huyapigia mstari, tuliyapa rangi ya udongo ya maji ya mto Mulongwe mvua ikiwa imenyesha milimani. Yeye alitaka nyekundu kama watu wote. Nilimwambia nyekundu inanitukana, na maji ya Mulongwe yananionya tu.

Maelezo ndiyo yaliyotuchekesha. Kwa ajili ya maelezo alitaka kijivu, lakini kijivu chenye uhai. Akatoka, akarudi na ndakala mmoja mkavu, akamshika mkia na kumlaza juu ya kioo, yule samaki mdogo wa ziwa letu akimetameta kama karatasi ya sigara. Rangi ilipatikana. Chumba kilinuka samaki siku nyingi, na wateja wakawa wanauliza kama tumeongeza biashara.

Yeye aliyapenda maelezo kuliko amri zenyewe. Alijaza kurasa zake ndakala tupu: hapa nimefanya hivi kwa sababu hii, hapa usiguse, hapa nitarudi. Mimi niliandika amri tu na kwenda mbele.

"Weye unaandika sawa muntu mwenye kukimbia mvua," alinisema. "Kesho nani ataelewa?"

"Minye," nikajibu, nikijionyesha kwa kidole.

"Na kama hauko?"

"Nitakuwa wapi?" nilimuuliza, na tukacheka.

Rangi moja tu ilitushinda. Kwenye kioo kuna kile kistari kidogo kinachopepesa, kinachosimama mahali ambapo herufi yako inayofuata itaingia. Ni kidogo, lakini jicho linakitafuta kutwa nzima, maana ndicho kinachokuonyesha uko wapi. Yeye alitaka kiwe rangi ya kaa la moto. Mimi nilitaka bluu ya ziwa, ile ya kabla ya adhuhuri wakati upepo haujaamka. Tulibishana mpaka msusi wa jirani akagonga ukuta. Mwisho mume wangu akasema, "Tutaona," na tukakiacha jinsi kilivyokuja na mashini, kijivu cha ovyo kisichotoka katika kitu chochote.

Hatukuona. Homa ilimchukua kabla hatujajua kwamba ni homa ya kuogopa.

Katika familia ya mume wangu kilio si cha mtu peke yake, ni cha nyumba. Mjane anavaa nyeusi, na nyumba nayo inavuliwa. Mapazia ya maua yanashushwa, vitambaa vya viti vinakunjwa, maua ya plastiki yanasukumwa chini ya kitanda, na hata kapu jekundu la sokoni linapumzishwa. Na kitu kilichoingizwa katika kilio hakijitoi. Siku ikifika, ndugu wa marehemu ndio wanaomvisha mjane kitenge cha rangi, na mkono ulioshusha pazia ndio unaolipandisha. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Luberizi na gunia la mchele, akaingia nyumbani kwetu Kilibula, akaifanya kazi hiyo mwenyewe, pazia baada ya pazia. Sikumpinga. Sikuwa na nguvu hata ya kufukuza inzi.

Lakini kulikuwa na kazi tuliyoiacha katikati. Ilikuwa programu ya kuwakumbusha wafugaji wa bonde la Ruzizi siku za chanjo za ng'ombe wao kwa ujumbe wa simu. Wafugaji walikuja kutoa pole, wakakaa, wakaondoka bila kuigusia. Walipokuja mara nyingine waliuliza kwa upole kama kazi bado ipo. Nikasema ipo. Alasiri ileile nikaileta mashini sebuleni, katikati ya wanawake wa ukoo waliokaa juu ya mikeka, nikaifungua juu ya mapaja yangu.

Rangi zetu zikaingia chumbani zote kwa pamoja. Katika nyumba ile iliyonyamazishwa, mawese na sombe na bluu ya shule vilionekana kama kelele.

Shangazi wa mume wangu, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki, ndiye aliyeanza. "Eeh! Na hii? Rido tulitosha zote, na hii iko inacheka?" akauliza, akionyesha madirisha yaliyotolewa mapazia.

"Ni kazi, tantina."

"Kazi yenye rangi ya harusi?"

Wanawake wakageuka kutazama. Mama mkwe aliinamia kioo. Nilitegemea atanitetea, maana ni mtu mpole.

"Mama, iko inaweza kukaa bila rangi?" aliniuliza.

"Inaweza."

"Na kazi itaendelea?"

"Itaendelea."

"Basi tuitoshee rangi. Iko mashini ya mwana yangu. Nayo iingie mu kilio."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilivaa nyeusi bila kulalamika, nilinyolewa nywele bila kulalamika, nililala chini, nilikula nilichopewa. Sasa wanataka hadi jinsi ninavyoandika! Lakini mbele ya watu wote wale sikuweza kumjibu mama wa mume wangu vibaya, na nikiwa na hasira huwa mtiifu kupita kiasi, ndiyo namna yangu ya kupigana. Nikaenda kwenye mipangilio, nikazizima zote, moja baada ya nyingine, nikihakikisha wanaona. Kioo kikabaki kijivu, na maneno yote meusi, amri na namba na maelezo yakifanana kama watu waliofunikwa shuka moja.

"Munaona?" nikasema. "Hata haikulia."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akarudi kukaa mahali pake.

Nilidhani nitazirudisha wakiondoka. Shangazi aliondoka, binamu wakaondoka, akabaki mama mkwe, aliyekuwa akienda Luberizi wakati wa kupanda na wa kuvuna mpunga na kurudi kwangu kila mara. Naye hakuwa askari. Siku moja alikwenda sokoni, nyumba ikabaki tupu, nikafungua orodha ya mipangilio na kidole kikasimama juu ya jina tulilozipa rangi zetu. Ilibaki kubonyeza tu. Nikafunga mashini, nikatoka nje kuanika nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukauka.

Wacha niseme wazi nilichokiogopa. Picha za mume wangu zilikuwepo, nguo zake zilikuwepo, watu walizigawana kwa heshima. Lakini zile rangi ndicho kitu pekee tulichokitengeneza sisi wawili tukiwa tumekaa kwenye kiti kimoja, yeye nusu na mimi nusu. Niliogopa kwamba nikizirudisha nitamwona ameketi pale na ndakala wake mkononi, na sitaweza kufanya kazi. Na niliogopa zaidi jambo la pili: kwamba nitazirudisha nisimwone, ziwe rangi tu, kama zile za vijana, na hapo atakuwa amekwenda kabisa. Amri ya mama mkwe, niliyoichukia, ilinipa mahali pa kujificha. Nililijua hilo na nikazidi kuichukia.

Basi nikajifunza kuandika bila rangi. Ni kazi ya ajabu. Jicho lililozoea kuruka linalazimika kutembea kwa miguu. Maelezo ya mume wangu, ambayo zamani niliyapita kwa sababu ndakala walijitenga wenyewe pembeni, sasa yalisimama katikati ya amri kwa sura ileile, na sikuweza kujua ni maelezo mpaka niyasome. Nikayasoma yote. "Hapa usiguse." "Hapa mke wangu alikuwa na haki, minye nilikosea." Hilo la pili hakuwahi kuniambia kwa mdomo.

Kisha programu ya wafugaji ikagoma. Ilikuwa imebaki kidogo imalizike, na asubuhi moja haikuwaka kabisa. Mashini ililalamika kuhusu mstari wa mwisho, mahali ambapo hapakuwa na kosa lolote. Anayeandika programu anajua maana yake: kuna kitu kilifunguliwa huko juu na hakikufungwa. Sentensi ya mteja huwekwa kati ya alama mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, na ukisahau ile ya kufunga, mashini inadhani kila kitu kinachofuata ni sentensi. Kwa rangi zetu ningeliona jambo hilo mara moja. Mawese yangemwagika toka pale mpaka chini ya ukurasa. Bila rangi nilikuwa na kurasa na kurasa za weusi, na alama moja isiyopo.

Mama mkwe alikuwa karibu yangu na ungo wa mchele, akichagua mawe. Alinisikia nikisonya.

"Unatafuta nini, mama?"

"Alama moja. Ilipotea."

"Kubwa?"

"Sawa mbegu ya lengalenga," nikasema, nikimwonyesha ncha ya kucha.

Akaweka ungo chini, akapangusa vidole kwenye kitenge chake cheusi, akavaa miwani, akainamia kioo. "Hii?" akauliza, akigusa nukta.

"Hapana, ile iko mahali yake."

"Na hii?"

"Hiyo ni uchafu ya kioo, mama."

Akakipangusa kwa pembe ya kitenge. Akaendelea kunionyesha nukta, zote za haki, na mimi nikaendelea kukataa, mpaka hasira ikanitoka kwa mdomo. "Kama rangi yake ingekuwa, ningeona mara moja! Ingekuwa mawese mpaka chini!"

Alinitazama juu ya miwani. "Mawese gani?"

Nikamweleza. Mwanzoni kwa ukali, kama mtu anayetoa mashtaka. Nikamwambia kwamba zile si rangi za harusi, kwamba kila moja tuliitafuta na kuipima, kwamba nyuma yake ni chai ya maziwa na namba zake ni sombe. Nikamweleza tone la mawese na klavye, nikambonyezea herufi A aione inavyokwama. Nikafika kwenye ndakala.

"Mwana yangu alilalisha ndakala ku mashini?"

"Alimushika mukia, mama. Hivi."

Akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka, na kicheko chake kilikuwa kilekile cha mwanawe, kile kinachoanzia puani. Kisha akavua miwani, akakaa nayo mkononi, akalia bila sauti, na mimi nikalia naye, juu ya ungo wa mchele na programu iliyogoma.

Alipomaliza alijifuta, akavaa miwani tena, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza juu kabisa. "Hii ingekuwa rangi gani?"

"Hiyo? Bluu ya masomo."

"Na hii?"

"Ndakala."

"Na hii?"

"Mawese."

Tulikwenda hivyo, mstari kwa mstari, yeye akiuliza na mimi nikijibu. Nilijibu mawese, na sombe, na mawese, na mahali fulani nikajikuta nasema mawese kwa neno ambalo lilipaswa kuwa bluu, na kwa neno la baada yake, na la baada yake. Alama ilikuwa imekosekana pale, mwisho wa salamu ya kumwamkia mfugaji. Niliiweka, programu ikawaka. Mama mkwe akarudi kwenye mchele wake akisema jiwe langu lilikuwa dogo kuliko yake yote.

Toka siku hiyo ukawa mchezo wetu. Kila alipokuwa Kilibula, alasiri, alisogeza kiti na kuuliza mstari huu ungekuwa rangi gani, na baada ya muda akawa anakisia mwenyewe. Alikosea sana. Namba alizijua, maana ni namba, lakini ndakala na mawese vilimchanganya. Nikimsahihisha alinisonya kama mwanawe. Mimi nilikuwa nimeogopa kuzisahau zile rangi, na kwa kumfundisha mtu ambaye hajawahi kuziangalia vizuri nikawa nazijua kuliko nilipokuwa naziona. Aliniuliza pia kuhusu kistari kinachopepesa.

"Hicho hatukusikilizana," nikamwambia. "Yeye alitaka moto, minye nilitaka ziwa."

"Mwana yangu alikuwa na kichwa nguvu."

"Hata minye."

"Weye zaidi," akasema.

Mwaka wa kilio uliisha. Kulikuwa na misa asubuhi, kisha ukoo ukaja nyumbani, wakanivua nyeusi chumbani na kunivisha kitenge cha manjano chenye ndege wakubwa, ambacho nisingekichagua hata kwa fimbo, kwa sababu shangazi ndiye aliyekinunua. Mapazia yakapandishwa na mkono ulioyashusha. Ndugu walimletea mama mkwe kitenge chake pia, cha buluu iliyotulia. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka juu ya mapaja kikiwa kimekunjwa. Walipomhimiza akavae alisema, "Nitavaa, nitavaa," akaendelea kupakulia watu wali. Wakala, wakaimba, wakaondoka. Kivuli cha milima kilikuwa kimekwisha kufika kwenye mlango, na yeye alikuwa bado katika nguo nyeusi.

"Na ile ingine?" akaniuliza.

Nilijua anasema nini. Nilileta mashini, tukakaa juu ya mkeka, nikafungua orodha ya mipangilio, nikalipata jina letu. Kidole kikasimama palepale kiliposimama siku ile alipokuwa sokoni.

"Minye siwezi, mama."

"Minye ndiye nilisema ivuliwe," akasema. "Nionyeshe pa kufinya."

Nikamwonyesha, na akafinya, kwa kidole chenye harufu ya vitunguu, kwa nguvu nyingi kama mtu anayefinya embe.

Chai ya maziwa ikatandaa kwenye kioo, na juu yake vikaja vyote. Nilimtafuta mume wangu. Sitadanganya kwamba nilimwona ameketi pale; niliona rangi. Nilikaa nikizitazama, na kile nilichokiogopa mwaka mzima kikaanza kunijia, kwamba ni rangi tu, amekwenda. Ndipo mama mkwe akaweka kidole juu ya kioo.

"Mawese," akasema. "Hii ndakala. Hii bluu ya masomo. Sombe, sombe. Ndakala tena, mwana yangu, maneno mingi!" Hakukosea hata moja. Alizisoma mpaka chini ya ukurasa, mtu ambaye hajui programu hata herufi, akimtaja mwanawe rangi kwa rangi, na mimi nikamsikia mume wangu katika kila moja, akibishana, akinywa chai iliyopoa. Nililia kwa furaha. Sina neno lingine.

Kidole chake kikafika kwenye kistari cha kijivu. "Na hiki kingali hivi?"

"Kingali. Chagua weye, mama. Moto ama ziwa."

Akafikiri. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya kile kitenge kilichokunjwa, ukikilainisha.

"Ni cha kuonyesha uko wapi?"

"Ndiyo."

"Na kinapita mu rangi yake yote?"

"Yote."

"Basi kiweke cheusi," akasema. "Kidogo tu hivyo. Minye siwezi kutosha nyeusi yote, mama. Nitafutie pahali ya kuiweka."

Namba za rangi nyeusi ndizo nyepesi kuliko zote: ni sufuri tupu. Nikaziandika, kistari kikawa cheusi, kikapepesa juu ya chai ya maziwa. Alikisogelea. Akasema kinaonekana vizuri.

Asubuhi nilimsindikiza kwenye gari la Luberizi. Alikuwa amevaa kitenge cha buluu.

Haya nimeyaandika kwenye mashini ileile, mahali pa maelezo, yote kwa rangi ya ndakala, mimi ambaye sikuandika maelezo hata siku moja. Kistari kiko mwisho wa neno hili, cheusi, kinapepesa.